Deki Ilitangulia Televisheni: Jinsi Dodoma Ilivyochagua Mashine Yake ya Muvi

Kuna kitu ambacho vijana wengi wa mjini hawakijui kuhusu sebule za Tanzania Bara. Kwa miaka mingi TV zilikuwepo, ila kituo cha kutazama hakikuwepo hata kimoja. TV bila chaneli, yaani. Zanzibar walishakuwa na televisheni yao, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara serikali iliona hiyo ni anasa ya kusubiri, na vituo vya kwanza, ITV wakiwemo, havikuanza kurusha matangazo mpaka 1994. Sasa mtu wa Dodoma aliyekuwa na TV mwaka 1987 alikuwa anaangalia nini? Alikuwa anaangalia deki.

Ndiyo maana habari ya homu thieta kwenye mji huu inabidi ianzie kwenye kile kiboksi kinachomeza mkanda. Spika sita na kioo cha inchi 65 ni mambo ya juzi tu.

Mikanda ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976, kazi ya kampuni ya JVC. Kuja kwake Bongo kulichukua muda. Mwaka 1984 serikali ilipolegeza masharti na kuruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, ndipo deki zikaanza kuingia kwa wingi kidogo, kupitia mabaharia, wafanyabiashara na watu waliorudi kutoka masomoni. Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450, mzigo unapanda treni ya reli ya kati au juu ya basi, umefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Mtaa mzima unakuta nyumba moja tu ndiyo yenye seti kamili. Jumamosi jioni sebule ya nyumba hiyo inageuka jumba la sinema: watoto wa majirani sakafuni, wakubwa kwenye makochi, malapa yamejaa mlangoni. Karate za Hong Kong, muvi za Kihindi za saa tatu, makomando wa Kimarekani wanaopiga jeshi zima peke yao.

Kuchagua mashine enzi hizo hakukuwepo. Unachukua kilichofika. Lakini tayari kulikuwa na mwamuzi mmoja mkali, naye ni vumbi. Dodoma ni nchi kame, mvua zake ni za Desemba hadi Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka kwenye sukari. Deki ya mkanda ina kichwa kinachozunguka na kusugua utepe, na vumbi kidogo tu likikaa pale picha inajaa chenga. Kwa hiyo deki ikafunikwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, chenye maua, na ukienda kwa bibi yako leo huenda kitambaa hicho bado unakikuta, kimehamia juu ya king'amuzi.

Halafu vikaja vibanda umiza. Hapa ndipo mambo yalipochangamka kweli. Majengo, Chang'ombe, Kikuyu, Chamwino, kila kona kukawa na banda la mabati lenye mabenchi, TV chogo moja imeinuliwa juu, na kiingilio cha mia au mia mbili. Humo ndani kulikuwa na joto. Mwenye kibanda alikuwa mtu mkubwa mtaani, maana yeye ndiye aliyeamua mtaa mzima utaongea nini kesho yake. Kwenye muvi za kigeni akaongezeka yule jamaa wa sauti, anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya filamu, anampa shujaa jina la utani, anamtukana adui, na mara nyingine anasimulia kitu ambacho kwenye filamu hakipo kabisa. Hakuna aliyelalamika. Kiukweli watu wengine walikuwa wanamfuata yeye kuliko muvi.

Vibanda hivi ndivyo vilivyoufundisha mji namna ya kuchagua mashine, na somo lenyewe lilikuja na diski.

Diski ya kwanza kuteka Bongo ilikuwa VCD. Hii ni CD ya kawaida, ile ile ya muziki, ila imepakiwa picha kwa kubanwa sana. Mpango wake ulitangazwa mwaka 1993 na Philips, Sony na wenzao wa Japani, na nchi tajiri hata hazikuihangaikia, zikaruka moja kwa moja mpaka DVD iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1996. Asia ndiyo iliyoikumbatia VCD, na Afrika Mashariki ikaipokea kutoka Asia. CD moja inabeba dakika 74 tu za picha, ndiyo maana muvi ilikuja kwenye diski mbili, na ndiyo maana pale mambo yanapopamba moto, adui kashika bastola, skrini inakuwa nyeusi na mtu lazima anyanyuke kubadilisha. Tabia ya Bongo Movie ya kutoka "part one" na "part two" ilikuta watu wameshazoea kunyanyuka.

Ubora wa picha? Mistari 288 kwa kwenda chini, wakati DVD ina 576. Nusu, yaani. Lakini kwenye chogo la inchi 14 au 21, na wewe umekaa benchi la nyuma, nani anahesabu mistari?

Sasa njoo kwenye kiini cha hadithi. Miaka ya 2000 mwanzoni DVD zinaanza kuingia madukani Dodoma, na mnunuzi anajikuta na uchaguzi kwa mara ya kwanza. Upande mmoja kuna deki za majina makubwa ya Japani na Korea, nzuri, nzito, bei yake imesimama. Upande wa pili kuna deki za Kichina, nyepesi kama boksi la viatu, Singsung na ndugu zake wengi, zina taa za bluu na tundu mbili za maiki mbele kwa ajili ya karaoke. Kwenye karatasi ya maelezo, Mjapani anashinda. Mtaani Mchina alishinda asubuhi na mapema, na sababu haikuwa bei peke yake.

Sababu ni neno moja: inasoma.

Ukimuuliza fundi yeyote wa mji ule deki nzuri ni ipi, hakuambii habari za rangi wala sauti. Anakwambia, "Hii inasoma kila kitu." Hili halikuwa jambo dogo. Diski nyingi zilizozunguka mtaani zilikuwa za kuchomwa kwenye kompyuta, na diski ya kuchoma si sawa na ya kiwandani. Ya kiwandani ina vishimo vilivyogandamizwa. Ya kuchoma ina rangi maalumu ndani yake iliyounguzwa kwa mwanga. Mashine ya CD inasoma kwa mwanga usioonekana wa nanomita 780, DVD inasoma kwa mwanga mwekundu wa 650, na rangi ya CD ya kuchoma haiurudishi vizuri ule mwanga mwekundu. Deki za DVD za mwanzo, zilizokuwa na mwanga mmoja tu, ziliiona CD ya kuchoma kama kipande cha plastiki. Unaweka, inazunguka, inakutemea. Mzee kanunua mashine ya laki kadhaa, na diski ya kwaya aliyopewa kanisani haiingii. Aibu iliyoje mbele ya wageni.

Deki za Kichina zilizokuja baadaye kidogo zilikuwa na mianga yote miwili, na juu ya hapo zilikuwa hazina maringo. Diski imekwaruzwa, zinaruka pale pabovu na kuendelea. Diski ya ukanda mwingine, zinasoma. Hili la ukanda linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu limewaliza wengi. Studio za Hollywood zilipokubali DVD ziliigawa dunia vipande. Marekani ni ukanda namba 1. Ulaya, Japani, nchi za Ghuba, Misri na Afrika Kusini ni namba 2. Tanzania, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, ikatupwa namba 5. Kwa hiyo deki halisi iliyonunuliwa Dubai na mtu aliyekwenda kufanya biashara ilikuwa ya ukanda wa 2, na DVD aliyoletewa na mdogo wake kutoka Marekani ilikuwa ya ukanda wa 1. Vitu viwili halali, vimenunuliwa kwa risiti, na havielewani. Diski feki ya mtaani haikuwa na ukanda. Ukitafakari ni kituko: sheria hiyo iliishia kumbana yule aliyelipa.

Mafundi walijifunza siri za rimoti. Unafungua mlango wa diski, unabonyeza namba fulani kwa mpangilio, inatokea menyu iliyofichwa, unaweka sifuri, mashine inasahau mambo ya ukanda. Namba hizo zilitembea mjini kama namba za simu za warembo.

Na umeme je? Ukame ukibana, mabwawa yakishuka, na Mtera liko hapo jirani kabisa, mgawo unaanza. Mwaka 2006 na 2011 nchi nzima inaikumbuka. Ukikatika ni sawa, shida ni unaporudi kwa kishindo au unapokuja hafifu, taa inawaka kama mshumaa. Deki nyingi za Kichina zilikuwa na mfumo wa kupokea umeme kuanzia volti 100 hivi hadi 240, bila kugusa swichi. Mwenye kibanda cha jenereta kule Bahi au Kongwa hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ile desturi ya dukani. Mnunuzi mjanja hakwenda mikono mitupu. Alitoka nyumbani na diski yake mbovu kuliko zote, ile yenye mikwaruzo kama uso wa barafu lililochezewa, ile watoto walioifanya sahani. Muuzaji anaweka diski yake mpya ya maonyesho, picha inang'aa, samaki wa baharini wanaogelea. Mteja anasema, "Sawa, sasa weka hii." Deki ikiisoma, pesa inatoka. Isipoisoma, anahamia duka la jirani. Hakuna jarida la teknolojia duniani lililowahi kubuni kipimo cha maana zaidi ya hicho kwa mazingira yale.

Baadaye zikaja homu thieta kamili, spika tano ndogo na sabufa, na hapa kuna kichekesho. DVD halisi ina njia sita za sauti, ndege inapita inasikika inatoka nyuma ya kochi. VCD ina njia mbili tu, kushoto na kulia. Muvi iliyotafsiriwa na yule jamaa wa sauti ni mbili vilevile. Kwa hiyo jamaa anafunga seti yake, anazungusha waya chumba kizima, anapigilia spika mbili ukutani nyuma, anaweka Bongo Movie, spika za nyuma kimya. Anamwita fundi. Fundi anabonyeza kitufe kimoja kwenye rimoti kinachosambaza sauti ile ile kwenye spika zote, anachukua buku tano yake, anaondoka. Wengi wakaona isiwe tabu, wakanunua sabufa yenye spika mbili, wakaweka besi mwisho, ukuta ukatetemeka, maisha yakaendelea. Kwa walichokuwa wanaangalia, walikuwa sahihi kabisa.

Soko la diski lilikuwa limekua sana kufikia hapo. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003 iliwasha moto wa Bongo Movie, na kipindi Steven Kanumba anafariki, Aprili 2012, tasnia nzima ilikuwa inaishi kwenye diski. Muvi mpya ikitoka Kariakoo, keshokutwa iko stendi ya Dodoma. Mwaka 2013 TRA wakaanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki ili kutenganisha halali na feki. Feki nayo ilikuwa inabadilika, ikaja diski moja yenye muvi ishirini zilizobanwa mpaka nyuso hazina pua.

Halafu likatokea jambo ambalo liliipa deki uhai wa mara ya pili. Usiku wa Desemba 31, 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwanzoni mwa 2013 ikafika zamu ya Dodoma. Bila king'amuzi, antena juu ya bati ikawa pambo. Familia ambazo hazikuwa na hela ya king'amuzi zilirudi pale pale walipokuwa wazee wao mwaka 1987: TV bila chaneli, na deki chini yake.

Kilichokuja kuiua deki ni kile kitundu kidogo cha USB kilichokuwa mbele yake. Kwanza watu walikifurahia, unakwenda kwa kijana mwenye kompyuta, anakujazia muvi kwenye flashi, unachomeka kwenye deki. Baada ya hapo TV zenyewe zikawa na kitundu hicho, deki ikabaki inakula vumbi. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, na watumishi wakaanza kushusha makabati yao Kisasa, Ipagala na Iyumbu, wengi walikuja na TV flati na ving'amuzi. Siku hizi ni vifurushi na simu. Diski? Ya nini?

Ya harusi, ndiyo jibu.

Kati ya mwaka 2000 na 2015 hivi, karibu kila shughuli ya familia mjini ilirekodiwa na mpiga video na kukabidhiwa kwenye VCD au DVD ya kuchoma. Harusi, sendoff, kipaimara, maulidi, mahafali ya chuo, mazishi. Kwenye diski hizo kuna watu ambao hawapo tena, wanatembea, wanacheka, wanaongea kwa sauti zao. Picha za karatasi zipo kwenye albamu, lakini sauti iko pale peke yake. Na zile diski ni za kuchoma, yaani ile rangi ya ndani ambayo joto na mwanga huifubaza polepole. Nzuri iliyotunzwa gizani hudumu miaka mingi, ya bei chee iliyokaa juu ya TV dirishani inaweza isifike kumi. Ukiigeuza uone madoa ya kahawia au pembe zimeanza kufunguka kama karatasi, ujue safari imeanza.

Ndiyo maana mafundi wa elektroniki bado wanaletewa deki kuukuu, na wanaozileta wengi ni vijana waliotumwa na mama zao. Mama anataka kumsikia baba.

Kwa hiyo kama una kioo kikubwa sebuleni na unataka kuunganisha mashine ya diski, vipaumbele havijabadilika sana. Usidhani ghali ndiyo jibu. Mashine nyingi za Blu-ray hazisomi VCD kabisa, soma maandishi ya boksi ulione neno hilo kabla ya kulipa. PS5 yenye mlango wa diski inasoma DVD na Blu-ray, ila CD haiitambui, na VCD ni CD. Kama unataka picha kali ya 4K kutoka kwenye diski, mashine zake zipo tangu 2016 na diski zake hazina habari za ukanda, lakini utaagiza kila kitu kutoka nje, na watengenezaji wanapungua: Samsung alianza kujitoa mwaka 2019, LG akafuata 2024. Kwa familia nyingi deki nyepesi ya DVD yenye HDMI inatosha, na iwe na zile tundu za njano, nyeupe na nyekundu kwa ajili ya chogo la kijijini. Usishangae VCD ikionekana kama imepigwa kwenye ukungu kwenye inchi 55. Ilitengenezwa kwa ajili ya 21. Sogeza kochi nyuma.

Na kabla ya kuiangalia mara kumi, inakili. Kompyuta yenye mlango wa diski, au mlango wa nje wa kuchomeka USB, inatosha. Kwenye DVD utakuta folda inaitwa VIDEO_TS, kwenye VCD inaitwa MPEGAV, na programu ya VLC inafungua zote mbili. Safisha diski kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe kama unasugua sufuria, na dawa ya meno iache bafuni. Ikigoma kwenye kompyuta, jaribu deki nyingine, tena nyingine. Kuna diski ambazo mashine tatu zimezikataa na ya nne, kuukuu, taa zake nusu zimekufa, ikazisoma mpaka mwisho.

Dukani nenda nayo mfukoni, kama wazee walivyofanya. Ila safari hii usipeleke ile mbovu kuliko zote. Peleka ile ya kwaya, au ya muvi. Ya harusi iache nyumbani kwenye kasha lake, mpaka mashine iwe imethibitika, waya zimekaa sawa, na mama ameshakaa kwenye kochi. Diski ya kwanza huwa ni magari na keki. Ya pili ndiyo yenye nasaha, na huanza na mzee aliyesimama ameshika maiki, anaigongagonga kwa kidole, anauliza kama inasikika.